Karatasi Iliyozoea Jua

Kware, Nairobi
2 Machi 2025

Mama yangu Kathini,

Bahasha imefika, na karatasi zako sita zimefika ndani yake bila kukunjika. Afisa wa forodha alizifungua, akaziangalia dhidi ya mwanga, akaniuliza kama ni za kufunikia kioo cha simu. Nilimwambia ni resista zinazokumbuka. Alinitazama jinsi anavyotazamwa mzee anayeongea peke yake, kisha akagonga mhuri.

Jana nilizibandika juu ya paa la jengo letu, kwenye ukuta mfupi kando ya tangi la maji, zikielekea mashariki kama ulivyochora, na kile kisanduku chake nikakifunga pembeni. Ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Nikiizungusha moja kidoleni inakubali, nikiiachia inanyooka. Miaka thelathini na mmoja niliyofanya kazi ya simu, resista, kile kizuizi cha umeme, ilikuwa kitu kigumu chenye mistari ya rangi, na ukiipinda imekufa. Unaniambia unga uliopakwa juu ya plastiki hii ni oksidi ya zinki, jamaa ya kutu nyeupe tunayoiona kwenye mabati. Nimeishi chini ya mabati miaka mingi, wala sikujua kwamba kutu inaweza kufundishwa kuweka jambo moyoni.

Daftari nimelipiga mistari. Safu ni mbili tu kama ulivyoagiza: 6, yaani alfajiri, na 12, yaani adhuhuri. Ni saa za ofisi, si za Kiswahili. Bila shaka unakumbuka nilivyokukemea, ingawa wewe ni wajina wa mama yangu, ulipokuwa darasa la sita, ukaniandikia "saa 2" kwenye daftari la kazi, na msimamizi wangu akadhani nilitengeneza laini usiku wa manane.

Kipimajoto ulichotuma kiliibwa siku ya kwanza. Karatasi hazikuguswa, mwizi hakuona thamani yake.

Nina jirani anaitwa Mbeti, anayefulia watu nguo na kuzianika huko juu. Aliniuliza, "Mzee, hizi plastiki zako ni za kufukuza ndege?" Nikamwambia zinakumbuka kila kitu kinachopita ndani yake. "Basi zikumbuke nani ananiibia pegi za nguo."

Mimi niko ghorofa ya tatu, paa liko juu ya ghorofa ya nane. Tangu tulipoondolewa kule kwenye nyumba za zamani sijazoea kuishi mahali ambapo ardhi iko mbali hivi. Lakini nitapanda.

Mjomba wako,
Nzau Mativo


Tampere
16 Machi 2025

Mjomba,

Salamu kutoka kwenye theluji. Nilipofungua barua yako pale maabara nilicheka peke yangu, na mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nimepata matokeo mazuri. Nikamwambia nimepata mjomba.

Nataka ujue unachonifanyia, kwa sababu kwenye simu huwa nasema tu kwamba kazi inaendelea. Nina miaka arobaini na mmoja. Huu ni mkataba wangu wa tano wa muda, na kwa sheria za hapa hakuna wa sita. Novemba kamati itakaa iamue kama nitapewa nafasi ya kudumu au nitafungasha. Kamati haisomi jasho la mtu, inasoma makala, na makala yangu yote ya miaka minne yanasema jambo moja: karatasi hizi ni nzuri, ila zikipigwa jua zinasahau.

Kila jioni kile kisanduku ulichokifunga pembeni huandika upya namba ile ile ndani ya karatasi. Alfajiri ukiipima unaona kama imeikumbuka usiku kucha. Adhuhuri ukiipima unaona kama imeikumbuka juani. Kama siku moja itashinda jua, mtu ataweza kuvaa kibandiko kifuani akiwa shambani kutwa nzima, na daktari asome jioni jinsi moyo wake ulivyodunda. Watu wananiuliza kwa nini nisitumie tanuri na taa. Nimetumia. Tanuri halina vumbi la Kware, wala moshi, wala umande.

Nakuomba jambo moja tu. Vipimo uvichukue wewe mwenyewe. Nikiulizwa, nataka niseme ni vya fundi mmoja, kwa jicho moja na mkono mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Usipande ngazi kwa haraka.

Kathini


Kware
13 Julai 2025

Mama yangu Kathini,

Nakutumia kurasa za Juni na za nusu ya Julai. Wale wa saiba, duka la kompyuta, wamezipiga picha vizuri kuliko mwezi uliopita. Ukiona mwandiko umelala kidogo, ni baridi. Julai ya mwaka huu imekaa kwenye mifupa.

Kurasa zote nimeziandika kwa mkono wangu.

Mbeti huniletea uji asubuhi, nami namsomea magazeti. Ana maoni juu ya kila waziri. Jana alisema, "Huyu naye, hata nguo za ndani lazima anafuliwa." Ni miaka mingi sijacheka hadi mbavu kuuma, na safari hii si mbavu peke yake zilizouma.

Umesema hutarudi mwaka huu pia. Hapana neno. Tangu tumzike mama yako naona nauli zimekuwa ndefu kuliko safari yenyewe.

Nitasimama hapa, mkono umechoka.

Nzau


Tampere
28 Septemba 2025

Mjomba, Mjomba,

Keti chini kwanza. Karatasi imezoea jua.

Sikutaka kukuambia mapema, niliogopa kuitia gundu. Fungua daftari lako uone mwenyewe. Kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, safu ya 6 ni nzuri na safu ya 12 ni aibu, kama siku zote: alfajiri karatasi zinakumbuka, adhuhuri zimesahau. Halafu angalia tarehe mosi Julai. Mambo yanageuka. Safu ya 12 inashika, tena inashika siku baada ya siku, Julai yote, Agosti yote. Safu ya 6 ndiyo imekuwa dhaifu. Yaani baada ya miezi minne juani, oksidi imejipanga upya ndani yake. Sasa adhuhuri inakumbuka, na baridi ya alfajiri ndiyo inayoisahaulisha. Nimeitafutia sababu ya kifizikia na nimeipata, kurasa tatu nzima. Mkuu wa maabara, mtu ambaye hajawahi kunipa hata kiti, alileta keki.

Makala imekubaliwa ndani ya wiki tatu. Itatoka Desemba, lakini barua ya kukubaliwa ninayo, na hiyo ndiyo ambayo kamati itaitazama tarehe 20 Novemba. Jana nilipita nje ya jengo la nyumba za kupanga nikasimama kuangalia madirisha. Miaka kumi na miwili nchini humu sijawahi kununua kabati, kwa sababu kabati halifungashiki.

Jina lako limo katika shukrani, mwisho wa makala. "Fundi N. Mativo, aliyechukua vipimo vyote kwa mkono wake."

Mpwa wako mwenye furaha,
Kathini


Kware
9 Oktoba 2025

Mama yangu Kathini,

Barua hii nimeianza mara nne.

Tarehe 28 Juni, nikitoka paani, nilianguka kati ya ghorofa ya sita na ya tano. Ni nyonga. Haikuvunjika bali ilipata ufa, na daktari akanikataza ngazi. Tangu siku hiyo sijafika paani. Sikukuambia kwa sababu uliomba jicho moja na mkono mmoja, nami nilikuwa nimekubali. Nikafikiri nitapumzika wiki mbili. Unajua jinsi wiki mbili zinavyokuwa kwa mtu wa miaka sabini na minne.

Aliyepanda ni Mbeti. Siku mbili zilipita tupu, nikamfundisha kushika mita ya umeme, akajifunza kwa siku moja, akaanza tarehe mosi Julai. Ana mkono mtulivu kuliko wanafunzi wengi niliowahi kupewa. Aliandika kwenye daftari lake la shule, kila Jumapili nami nikanakili kwenye langu. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba kurasa zote ni za mkono wangu. Ilikuwa kweli, na niliichagua kweli hiyo kwa makusudi.

Wiki iliyopita nilimsomea barua yako kwa sauti, ile ya keki. Nilitaka afurahi. Nilipofika mahali uliposema adhuhuri zinakumbuka na alfajiri zinasahau, aliacha kukunja shuka.

"Aki mzee, huyu Dokta wako wa barua amesoma kichwa chini."

"Kichwa chini namna gani?"

"Saa sita ndiyo zinasahau. Jua ikiwa hapa." Akajigonga utosini. "Asubuhi, saa kumi na mbili, ziko sawa kabisa."

Nililiomba daftari lake. Kila siku kuna mistari miwili. Wa kwanza ameandika 12, wa pili 6. Saa kumi na mbili alfajiri, saa sita mchana. Mimi daftari langu lina safu ya 6 na safu ya 12, nami nilichukua 6 yake nikaiweka chini ya 6 yangu, na 12 yake chini ya 12 yangu. Nilinakili namba, sikuuliza saa. Mimi, niliyekukemea darasa la sita.

Karatasi hazikuzoea jua, mama. Hakuna kilichobadilika tarehe mosi Julai isipokuwa miguu iliyopanda ngazi.

Najua tarehe 20 Novemba ni nini kwako.

Nzau


Tampere
14 Oktoba 2025

Mjomba,

Nimeisoma barua yako. Pole kwa nyonga. Ungeniambia Juni.

Sijui kama ninakushukuru kwa kuniambia Oktoba.

Hapa anayejua ni mimi peke yangu. Makala imekubaliwa. Wahakiki wawili wameisoma, na hakuna aliyeshangaa. Kila siku hapa duniani yanachapishwa matokeo ambayo hayajirudii tena mtu mwingine akiyajaribu, na watu husema labda ni unyevu, labda ni kiwanda kilichotengeneza plastiki. Maisha yanaendelea. Nikipata nafasi ya kudumu nitakuwa na miaka ya kurudia jaribio na kulisahihisha polepole. Nikiikosa, hakuna wa kulisahihisha wala wa kulirudia.

Jarida linahitaji tamko la mchukua vipimo, ukurasa mmoja. Naomba uandike hivi: "Mimi, Nzau Mativo, nilichukua vipimo vyote mwenyewe kuanzia Machi hadi Agosti, kwa saa za ofisi." Weka sahihi na tarehe. Hakuna mtu atakayekuja kupanda paa la Kware kuhakikisha.

Sijakuomba kitu kikubwa maishani. Naomba hiki.

Kathini


Kware
23 Oktoba 2025

Mama yangu Kathini,

Tamko limo ndani ya barua hii. Nimeliandika kama ulivyotaka, neno kwa neno, na sahihi ni yangu. Limenichukua kutwa nzima, ingawa ni mstari mmoja.

Sitakuhubiria. Wewe ndiwe unayejua ulichopanda kufika hapo, nami sikukubebea hata begi. Una jina la mama yangu, na yeye nilimnyima mambo mengi aliyoniomba. Nikaona nisikunyime wewe.

Ila nikueleze nilichokuwa nikikifikiri nikiandika. Siku tulipoondolewa kwenye nyumba za zamani, walikuja na orodha. Msimamizi alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita mzee wangu. Nilimwomba niione, akanionyesha. Mbele ya namba ya nyumba yangu pameandikwa: haina mtu. Nilikuwa ndani, nakunywa chai. Nilimwonyesha kikombe. Akasema, "Nakuona, mzee wangu, lakini karatasi imeshapita." Hakuwa akidanganya. Karatasi ilikuwa imeshapita.

Nilipokuwa nikiandika "mwenyewe" nilisikia maji yakitiwa kwenye karai huko ukumbini. Mbeti alikuwa akianza nguo za mchana. Nikamaliza, nikasaini.

Lifanyie unavyoona vema. Sitakuuliza.

Nzau


Kware
25 Oktoba 2025

Sasa Dokta,

Ni Mbeti, jirani ya mzee wako. Usishtuke ukiona jina, mzee ako sawa. Ama wacha niseme ukweli, ako hivyo tu. Hajui nimeandika, hii nimeileta saiba mwenyewe.

Mzee ameniambia ile karatasi amekutumia. Alikuja mlangoni na fimbo yake akaniambia, "Mbeti, nimekuondoa kwa paa." Nikamwambia mzee, mimi hata sikuwa nataka kuishi huko. Akakosa kucheka. Tangu hiyo siku hajashika daftari wala gazeti, na chai inapoa hapo kando yake.

Dokta, mimi siwezi kasirika. Kama kusema sikupanda itakupea kazi, sema sikupanda, mimi nitabaki na miguu zangu. Julai na Agosti ni siku sitini na mbili, mara mbili kwa siku. Lakini usimfanye mzee aseme. Hiyo ndiyo imenileta hapa. Wewe mwenyewe sema, ukitaka.

Nimepiga picha daftari yangu yote nikakuwekea. Kando ya namba niliandika vitu vyangu vya nguo, usicheke. Angalia tarehe 4 Julai. "12: umande, kamba yote maji." Halafu, "6: jua kali, suruali za jinsi zimekauka mbio." Sasa suruali ya jinsi itakauka aje saa kumi na mbili asubuhi? Siku zote ziko hivyo. Nilidhani mzee anasoma hiyo pia, kumbe anachukua namba tu.

Na si kwa ubaya, lakini wewe ni wa hapa hapa. Mzee anasema umezaliwa Pumwani. Unajua saa sita ni saa gani.

Mimi bado napanda. Hakuna mtu ameniambia niache. Za Septemba na Oktoba ziko, ukizitaka.

Mbeti Nzisa
(ile ya pegi)


Tampere
30 Novemba 2025

Mjomba, na wewe Mbeti, kwa sababu najua mtaisoma pamoja,

Samahani kwa kimya cha mwezi mzima. Nilikuwa nikiandika barua kwa watu wengine.

Picha za daftari la Mbeti nilizichapisha, nikazibandika ukutani mwa chumba changu, siku sitini na mbili kwa safu. Nilikuwa nikitafuta siku moja tu ambayo ingenipa shaka, siku ambayo nguo zilikauka kwenye 12. Haikuwepo. Wiki nzima nililala na kuamka mbele ya nguo zenu. Tamko lako, Mjomba, lilikuwa mezani. Nililisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma makala. Sijalituma. Ninalo, na ukitaka nitakurudishia ulichane mwenyewe.

Tarehe 3 Novemba nililiandikia jarida kwamba naiondoa makala. Kisha nikaenda kwa mkuu wa maabara. Alifunga mlango, akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba nimefanya sawa. Baadaye kidogo akasema kwamba ningengoja hadi tarehe 21, bado ningekuwa nimefanya sawa. Nilifikiri juu ya hilo nikirudi nyumbani kwa miguu. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikuhitaji jibu.

Kamati ilikaa dakika kumi na tano. Hawakuwa wakali. Walisema miaka yangu ni ya kazi safi isiyo na matokeo ya kutosha, na ni kweli. Mkataba unakwisha tarehe 31 Desemba. Nimeanza kufungasha, vitu si vingi. Nitakuja Januari, wala si kwa likizo. Mjomba, usinitafutie chumba cha ghorofa ya juu, na usimwambie mtu yeyote kwamba nimerudi kwa sababu yako, maana nakujua utajaribu. Sijakasirika tena. Siku kadhaa nilikasirika sana, na nikakuandikia barua mbili ambazo nashukuru sikuzituma.

Mbeti, za Septemba na Oktoba nazitaka. Za Novemba pia. Hazitaniokoa, lakini zitaonyesha jinsi karatasi zinavyosahau chini ya jua la kweli kwa miezi tisa mfululizo, na hakuna aliyewahi kulipima hilo mahali popote. Nitaandika makala fupi nikiwa huko. Jina lako litatangulia langu.

Bado lilibaki jambo moja. Mhariri wa jarida alisema makala ilikuwa imeshatangazwa, hivyo hawezi kuiondoa bila maelezo ya kuchapishwa. Aliuliza maswali mawili: iliwezekanaje sita ikawa kumi na mbili, na kosa lilikuwa la nani. Niliandika ukurasa mzima. Nilieleza kwamba kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwamba saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, na kwamba saa hizo si kosa wala si mchezo. Watu mamilioni huamka nazo na kuzika watu wao nazo. Nilieleza juu ya ngazi za Kware, na nyonga, na kamba ya nguo.

Alijibu siku iyo hiyo, kwa adabu, kwamba maelezo ni marefu kuliko nafasi. Aliomba mistari mitatu.

Nikakata. Nikaondoa ngazi, nikaondoa kamba, nikaondoa jua. Nikabakiwa na hii, nayo ndiyo iliyochapishwa juzi:

"Aliyepanda aliandika saa sahihi. Aliyenakili alinakili namba sahihi. Mwandishi wa makala alizijua saa zote mbili tangu utotoni, na hakuuliza."

Kathini Muoki